Darubini ya kwanza: 70/700, 114/900 ya ikweta, au 130/650 ya mezani?

Kijana_wa_Kira
Wakuu, salaam. Nanunua darubini wiki ijayo, hela ipo tayari. Nimechuja nikabakiwa na tatu: 70/700 (kipenyo milimita 70, urefu wa fokasi milimita 700) ya lenzi yenye stendi ya kawaida, 114/900 ya kioo yenye stendi ya ikweta, na 130/650 ya kioo inayokaa juu ya meza. Muuzaji anasema ile ya ikweta ndiyo ya kitaalamu, kwamba ukishailenga sayari unazungusha kifundo kimoja tu. Ninachotaka ni pete za Zohali na mistari ya Mshtarii, na nione vizuri, si nukta. Nichukue ipi?

Fundi_wa_Lenzi
Ndugu, umeacha yale yanayoamua. Unakaa nyumba ya uwanja au ghorofa? Una gari la kuitoa nje ya mji? Hiyo hela ni ya darubini peke yake au pamoja na lenzi za jicho, zile ndogo unazochungulia? Halafu soma ubavuni mwa lenzi zinazokuja ndani ya sanduku. Zimeandikwa H20, SR4, K25, PL25? Herufi ni aina ya lenzi, namba ni milimita zake za fokasi. Herufi hizo zina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye bomba.

Kilimia_Mbarara
130/650, usisumbuke. Kioo cha milimita 130 kinakusanya mwanga karibu mara tatu na nusu ya lenzi ya 70. Ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 25 unapata ukuzaji wa mara 26, ya 10 unapata mara 65, ya 5 unapata mara 130. Pete za Zohali zinajitenga na sayari kuanzia mara 30 hivi. Mistari miwili mikuu ya Mshtarii unaiona kwa mara 65 bila kukaza macho. Hakikisha tu kioo ni cha parabola, kilichochongwa ili mwanga wote ukutane nukta moja. Wakikuambia ni cha tufe kwa bomba fupi namna hiyo, iache.

Mwalimu_Gulu
Kabla hajafika kwenye vipenyo, hiyo ya ikweta iondoeni kwenye orodha. Muuzaji hakusema uongo kuhusu kifundo kimoja, ila hakusema kinafanya kazi wapi.

Stendi ya ikweta inataka mhimili wake mkuu uelekee ncha ya anga, pale nyota zote zinapoonekana kuzungukia, na uinuke kwa digrii sawa na latitudo ya mahali ulipo. Ulaya ni digrii 50 hivi. Kampala ni sehemu ndogo tu ya digrii moja, yaani mhimili unalala sambamba na ardhi. Vichwa vingi vya bei nafuu vimetengenezewa latitudo za kati, na skrubu inakwama kabla ya kufika sifuri. Hata ikifika, fimbo ya uzani, ule wa kusawazisha bomba, sasa inaning'inia upande wa kaskazini. Ukiweka mguu wa stendi upande huo ili isianguke, uzani unapozunguka kwenda chini unaugonga mguu. Ukiugeuza mguu ili uzani upite, kichwa chote kinaelemea mahali pasipo na mguu. Na Nyota ya Kaskazini ambayo vitabu vyote vinasema uilenge, huku kwetu imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya migomba ya jirani.

Jicho_la_Jinja
Mwalimu, kuna dawa. Kama skrubu inafika 90, isimamishe huko. Mhimili unakuwa wima na stendi inageuka ya kawaida, kushoto na kulia, juu na chini, tena ina vifundo vya kusogeza taratibu. 114/900 yenyewe si mbaya. Bomba refu, f/8 (urefu wa fokasi kugawa kwa kipenyo), hata kioo cha tufe kinatoa picha safi hapo.

Mwalimu_Gulu
Inawezekana, sikatai. Lakini amelipia uzani na gia, halafu anavitumia kama stendi ya kawaida inayotikisika. Miguu ya alumini ya stendi hizo ni myembamba. Ukigusa kifundo cha fokasi kwa mara 90, Mshtarii anacheza sekunde tatu nne kabla hajatulia.

Kijana_wa_Kira
Asanteni. Niko Kira, nje kidogo ya Kampala, ghorofa ya tatu, kuna baraza inatazama mashariki. Bajeti shilingi milioni moja na laki mbili, yote pamoja. Lenzi za jicho: ya 70/700 ina H20 na SR4 na Barlow ya mara 3, ile lenzi ya kuzidisha ukuzaji. Ya 130 ina 25 na 10, herufi sijaziona.

Fundi_wa_Lenzi
Hapo sasa tunaongea. Chukua SR4 uiangalie kwa karibu. Kile kitundu cha kioo unachotakiwa kuchungulia ni kama punje ya mtama, na lazima ukibandike jicho hapo hapo hadi kope ziache mafuta juu yake. Kwenye 70/700 inakupa mara 175. Kikomo cha darubini ni kama mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, yaani mara 140 kwa hiyo, na hilo ni usiku hewa ikiwa imetulia kabisa. Ukiongeza Barlow ya mara 3 unafika 525, na utakachoona ni duara la kijivu linalotetemeka. Watu wengi hukata tamaa hapo, wakidhani darubini ni mbovu kumbe ni lenzi ya jicho.

Ukichukua 70/700, tenga hela ya lenzi ya jicho aina ya Plossl (ile PL) ya milimita 25 na nyingine ya 10. Mara 28 na mara 70. Kwa hizo mbili, 70/700 inakuonyesha pete, mistari miwili, miezi minne ya Mshtarii na mwezi wetu hadi uchoke. Sioni sababu ya kuidharau kama wanavyofanya wenzangu.

Kilimia_Mbarara
Hatuidharau. Ila Zohali akiwa kwenye 130 kwa mara 130, unaona kivuli cha sayari juu ya pete. Hilo 70 inakunyima.

Anga_ya_Moroto
Nawashangaa hakuna aliyetaja 150/1200 ya Dobson, yaani ya kioo juu ya kitako kinachozunguka. Kwa sayari ndiyo mfalme wa bajeti: f/8, kulinganisha vioo hakusumbui kama kwenye f/5, lenzi ya jicho ya 10 inakupa mara 120. Huku Karamoja kiangazi cha Desemba hadi Februari, ukililenga kundi la nyota la Omega Centauri, lile doa la pamba linapasuka kuwa chembechembe za nyota.

Jicho_la_Jinja
Na ataipandishaje ghorofa ya tatu? Bomba lina mita 1.2, na kitako chake cha mbao ni kizito kuliko bomba. Halafu kama anaagiza nje, sanduku hilo wanalitoza kwa ukubwa, si kwa kilo. Weka ushuru wa forodha, weka VAT asilimia 18, weka wakala wa kulitoa. Milioni moja na laki mbili imeisha kabla halijafika Kira.

Anga_ya_Moroto
Basi akanunue iliyotumika.

Mama_wa_Nyota
Iliyotumika sawa, lakini kuna moja aikimbie, na ndiyo iliyojaa sokoni. Bomba limeandikwa D=114, F=1000. Likamate kwa mkono: lina urefu wa nusu mita tu. Milimita 1000 zimeingiaje kwenye nusu mita? Kuna lenzi ndogo imefichwa chini ya bomba la fokasi, inarefusha njia ya mwanga baada ya kioo kifupi cha tufe.

Moja ya hizo iliyopita mikononi mwangu iliuzwa kwa kibandiko cha "mara 750". Hesabu yake ni 1000 kugawa kwa 4, mara Barlow ya 3. Kikomo cha milimita 114 ni mara 228. Nyota angavu haikukubali kuwa nukta. Ukizungusha fokasi inatoka kimkia cha kushoto, inapita kwenye kitu kama nyota ya mkia, inaingia kwenye kimkia cha kulia. Kulinganisha vioo kwa leza hakusaidii, kwa sababu miali inapita kwenye ile lenzi ndogo na kutawanyika. Dawa ni kufungua bomba la fokasi, kuitoa lenzi, kulinganisha vioo, kuirudisha. Nilipoirudisha, ilikaa upande kwa sababu pete yake ya plastiki haina uzi wa kuikaza sawasawa. Bomba la fokasi nalo lilikuwa na mchezo wa milimita nzima: ukisukuma mbele picha inahama, ukirudisha nyuma inahamia kwingine. Kilengeo (kidarubini cha kulengea) cha 5x24 ndani yake kuna kipande cha plastiki chenye tundu kinachoziba sehemu kubwa ya lenzi, kwa hiyo unalenga nyota usizoziona. Kazi ya siku tatu, na mwisho wake mara 40 tu ndiyo ilionyesha kitu cha maana. Kwa hela hiyo hiyo mtu angepata darubini ya macho mawili ya 10x50 nzuri kabisa.

Jamani, pimeni bomba kwa futi kamba kabla ya kutoa hela.

Kijana_wa_Kira
Mama asante sana. Ile 114/900 picha yake bomba ni refu, kwa hiyo si hiyo. Sasa kwenye baraza, 130 ya mezani itafanya kazi?

Fundi_wa_Lenzi
Baraza ina mambo matatu. Ukuta wake: 130 ukiiweka kwenye kigoda itatazama sementi, kwa hiyo unahitaji meza nzito inayofikia juu ya ukuta. Meza ya plastiki hapana, itatikisika. Pili, dari ya baraza ya juu yako. Sisi tuko ikweta, sayari zinapanda hadi karibu utosini, na hapo dari imekuziba. Utakuwa nazo tu zikiwa zinachomoza. Mfano, tarehe 4 Oktoba 2026 Zohali anakuwa mkabala na jua. Saa tatu usiku atakuwa amepanda digrii 35 hivi upande wako wa mashariki, pazuri. Saa sita amekwenda. Na ujue pete bado ni nyembamba, mwaka 2025 zilikuwa zimelala kabisa. Zinafunguka mwaka hadi mwaka.

Mwalimu_Gulu
Jambo la tatu amelisahau: mabati. Baraza ya mashariki Kira inatazama mapaa ya watu. Bati limepigwa na jua mchana kutwa, usiku linatema joto, na hewa juu yake inachemka kama juu ya sufuria. Ukitazama sayari iliyo chini kupitia hapo, ukingo wake unameremeta kama kitu kilicho chini ya maji, na hakuna kipenyo kitakachokusaidia. Ngoja ivuke digrii 30. Usiku mzuri ni baada ya mvua ya jioni kukatika: vumbi na moshi wa makaa vimeshuka, bati limepoa.

Na asitazame kupitia dirisha, hata kama kioo ni safi.

Jicho_la_Jinja
Akiwa na Dobson yoyote, ya mezani au ya chini, ajue pia tabu ya utosini. Kitu kikiwa juu kabisa, kukifuata inabidi uzungushe kitako nusu duara kwa kusogea kidogo tu. Kitazame masaa mawili kabla au masaa mawili baada, kinakuwa digrii 30 kutoka utosini na mkono unafuata bila shida. Kwa mara 65, kitu kinavuka uwanja wa Plossl kwa dakika tatu hivi. Kwa mara 130 ni dakika moja na nusu. Unasukuma kwa kidole, unaacha kitetemeko kife, unatazama, unasukuma tena. Mkono unazoea.

Kilimia_Mbarara
Na vioo vya 130 avilinganishe, maana kwa f/5 kosa dogo linaonekana. Leza ya bei rahisi yenyewe huja imepinda. Chukua kifuniko cha chupa ya soda ya plastiki, toboa tundu la milimita 2 katikati kabisa, kizungushie utepe hadi kikae imara kwenye bomba la fokasi. Chungulia. Kwanza skrubu za kioo kidogo, hadi vishikizo vyote vitatu vya kioo kikubwa vionekane sawa. Kisha skrubu za nyuma za kioo kikubwa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, hadi taswira ya lile tundu ikae ndani ya alama ya katikati. Usikaze kwa nguvu, kioo kikibanwa nyota inatoka pembe tatu.

Usiku lenga nyota iliyo juu kwa mara 130, itoe kwenye fokasi kidogo. Miduara ikiwa na kitovu kimoja, tayari.

Kijana_wa_Kira
Nimeelewa. Swali dogo: kwenye sanduku la 70/700 kuna kichujio cheusi cha jua kinafungwa kwenye lenzi ya jicho. Watoto wanataka kuona jua litakapopatwa 2027.

Mama_wa_Nyota
Kitupe leo hii. Nasema kwa moyo wote. Kichujio hicho kinakaa pale joto lote la jua linapokusanyika, na kinapasuka ghafla jicho likiwa pale pale. Kichujio salama kinafunika mdomo wa mbele wa bomba, na kilengeo unakifunika au unakiondoa.

Anga_ya_Moroto
Tarehe 2 Agosti 2027 huku kwetu ni kupatwa kwa sehemu tu. Kwa ukamilifu aende Luxor, Misri, giza zaidi ya dakika sita. Si kama ya Pakwach tarehe 3 Novemba 2013 iliyotufuata wenyewe nyumbani.

Jicho_la_Jinja
Pakwach mawingu yalikuwaje, kuna mwenye picha za siku ile?

Fundi_wa_Lenzi
Wakuu, tumrudie mwenye mada. Kijana, hujajibu la gari. Na una sehemu kavu ya kuihifadhi? Unyevu wa Kampala unaotesha kuvu kwenye lenzi ndani ya msimu mmoja wa mvua. Sanduku lenye mfuniko unaobana, na silika jeli gramu 200 ndani yake.

Kijana_wa_Kira
Gari sina, kuna bodaboda. Silika jeli inauzwa wapi, na ikishanyonya unyevu naikaushaje?

Kilimia_Mbarara
Ile yenye punje zinazobadilika rangi, kikaangoni moto mdogo, unakoroga hadi rangi irudi. Kwa bodaboda, 130 ya bomba linalokunjwa ina kilo sita hadi saba, inaingia kwenye begi.

Anga_ya_Moroto
Bodaboda na vioo? Atavilinganisha kila akishuka.

Kilimia_Mbarara
Kwa kifuniko cha soda ni dakika tano.