Ndugu wa kanisani ananiomba nimdhamini mkopo: je, Mithali inanikataza?

Mwalimu_Kihonda aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo lililoninyima usingizi wiki nzima. Mwenzangu wa kwaya, ambaye pia ni mwanachama mwenzangu katika SACCOS ya hapa kwetu, anaomba mkopo wa shilingi 9,000,000 ili anunue mashine ya kukoboa na kusaga. Akiba yake ni shilingi 3,000,000, na kwa taratibu za chama chetu mwanachama hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake, kwa hiyo shilingi 6,000,000 zinazobaki hazina budi kubebwa na akiba za wadhamini watatu, kila mmoja 2,000,000. Wa kwanza ameshatia sahihi. Mimi ndiye wa pili. Fomu aliniachia Jumapili baada ya ibada, ikiwa imekunjwa ndani ya daftari la nyimbo, na jina langu alikwisha kuliandika kwa penseli mahali pa mdhamini.

Akiba yangu yote ni 2,600,000, na tunaitunza kwa ajili ya binti yetu anayetarajia kuanza chuo mwakani. Nyumbani tuna desturi ya kusoma sura moja ya Mithali kila siku kwa kufuata tarehe, kwa kuwa kitabu kina sura 31. Tarehe 6 ilipofika, mke wangu akasoma ile mistari mitano ya kwanza ya sura ya sita, inayomwonya mtu aliyekuwa mdhamini wa rafiki yake, kisha akanyamaza akanitazama.

Nisifiche neno: mwaka 2019 ndugu huyuhuyu alinidhamini mimi nilipokuwa naezeka nyumba, na marejesho niliyamaliza salama. Sasa nauliza, je, maneno ya Mithali kuhusu dhamana ni amri au ni ushauri? Na kama nitakataa, nimkatalie kwa maneno gani mtu ambaye yeye hakunikatalia?

Mwinjilisti_Mstaafu alijibu:

Ameni, Mwalimu. Kitabu cha Mithali kinarudia onyo la dhamana mara nyingi kuliko wengi wetu tunavyodhani: sura ya 6 mstari wa 1 hadi wa 5, kisha 11:15, 17:18, 20:16, 22:26-27, na 27:13 ambao unakaribia kufanana neno kwa neno na 20:16. Jambo linalorudiwa hivyo si la kupuuzwa. Hata hivyo, Mithali si Torati. Ni mafundisho ya mzazi na ya wenye hekima kwa kijana anayejifunza kuishi, na ndiyo maana sura ya 26 inaweza kusema katika mstari wa 4 usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na katika mstari wa 5 ikasema umjibu, bila mwandishi kuona kwamba amejipinga. Msomaji anatakiwa apime ni wakati upi unafaa neno lipi.

Nikuombe usome 22:26-27 polepole. Hapo onyo limefungwa kwenye sharti: ikiwa huna kitu cha kulipa, kwa nini uondolewe kitanda ulichokilalia? Anayezungumziwa ni mtu aliyeahidi kwa mdomo kitu ambacho mkononi hana, na deni likaja kuchukua malazi ya nyumba yake. Halafu tazama sura ya 17. Mstari wa 17 unasema rafiki hupenda sikuzote, na ndugu amezaliwa kwa siku ya taabu. Mstari wa 18, bila hata kupumua, unasema kwamba anayepana mikono na kujifanya mdhamini ni mtu asiye na ufahamu. Siamini kwamba mistari hiyo miwili imekaa jirani kwa bahati tu. Upendo wa ndugu umesifiwa, lakini haukuruhusiwa kuizima akili.

Wala Biblia haikosi wadhamini wema. Yuda alijiweka mdhamini wa Benyamini mbele ya baba yao, na siku ilipofika alijitoa kweli abaki Misri kuwa mtumwa badala ya kijana. Paulo alimwandikia Filemoni kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama Onesimo anadaiwa kitu, yeye Paulo atalipa. Hao wote walikuwa tayari kulipa tangu siku waliyosema. Basi swali lako, kwa maoni yangu, si kama unamwamini ndugu huyu, bali kama uko tayari leo kuzihesabu 2,000,000 hizo kuwa zimekwenda.

Askari_wa_Imani alijibu:

Mwalimu, mimi sioni sababu ya maelezo marefu. Mithali 11:15 inasema amdhaminiye mgeni ataumia, na achukiaye dhamana yu salama. Kataa. Akiwa ndugu wa kweli ataelewa.

Mwinjilisti_Mstaafu alijibu:

Ndugu Askari, mstari huo unamtaja mgeni. Wanaimba kwaya moja.

Mama_Wawili alijibu:

Shalom. Kaka Mwalimu, nimefarijika kusoma kwamba fomu hiyo mmeiona wote wawili, kwa sababu mimi ya kwetu niliijua kwa karani. Nilikuwa nimekwenda kutoa 400,000 ili nimpeleke mama yangu hospitali, karani akapekua, akageuza daftari upande wangu na kuniwekea kidole kwenye mstari ulioandikwa kwa wino mwekundu. Akiba yetu ilikuwa imeshikiliwa miezi minane kabla, kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake sikuwahi kulisikia nyumbani. Mume wangu alikuwa ametia sahihi kazini, wakati wa chai, akaona haya kuniambia.

Alipotambua hatari alifanya kama Mithali 6 inavyoelekeza, yaani kwenda kujinyenyekeza na kumsihi rafiki bila kuyapa macho usingizi. Alikwenda usiku uleule. Alikuta chumba kina mpangaji mwingine. Mashauri ya mistari ile yanafaa pale ambapo bado kuna mtu wa kumsihi, na ndiyo maana naona uzito wake upo katika neno "sasa": fanya hivi sasa, kabla fomu haijafika kwenye kamati.

Simlaumu tena mume wangu, tumekwisha samehana, lakini nasisitiza kwamba dhamana ya mtu mwenye ndoa inatolewa na watu wawili, hata kama fomu ina nafasi ya sahihi moja.

Mjumbe_wa_Mikopo alijibu:

Nimehudumu katika kamati ya mikopo ya SACCOS moja kwa zaidi ya miaka kumi, na mimi ni Mkristo, kwa hiyo suala hili ninalo pande zote mbili. Niseme kwanza lisilopendeza. Wadhamini wote wakikataa kwa kunukuu Mithali, hakuna mwanachama wa kawaida atakayepata mkopo unaozidi akiba yake, na watu watakimbilia kwa wakopeshaji wa mitaani wanaoshika kadi ya benki ya mtu mpaka amalize. Wewe mwenyewe, Mwalimu, unalala chini ya bati zilizosimama juu ya akiba ya mwenzako. Mithali 3:27 inasema usimnyime mema anayestahili ikiwa uwezo uko mkononi mwako. Sisemi kwamba unadaiwa sahihi, maana fadhila ya mwaka 2019 haikuwa mkataba, lakini huwezi kuiinua Biblia leo kama ngao wakati siku ile uliiacha kabatini.

Baada ya kusema hayo, usitie sahihi kwenye fomu hiyo kama ilivyo. Kisheria, mdhamini anawajibika kama mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Akishalipa ana haki ya kumdai aliyemlipia, lakini kudai na kupata ni safari mbili tofauti. Bima ya mkopo katika vyama vingi humlipia aliyefariki, haimlipii ambaye biashara yake imelala. Kiasi unachodhamini kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kwa wino. Jina lililoandikwa kwa penseli na mtu mwingine ni la kufuta.

Mwulize pia habari za mashine yenyewe, kwa sababu hapa ndipo kamati nyingi zinapodanganyika. Je, inahitaji umeme wa njia tatu, yaani ule wa nguvu wa kuendeshea mashine kubwa, na gharama za kuuvuta zimo ndani ya zile 9,000,000? Fremu ni yake au ya kupanga? Mtaani kwao kuna mashine ngapi tayari, na msimu mahindi yanapoadimika marejesho yatatoka wapi? Wanaoshindwa kulipa, kwa jinsi nilivyowaona, si wezi. Ni watu waliopiga hesabu ya bei ya mashine wakasahau umeme.

Mwalimu_Kihonda alijibu:

Nawashukuru wote, na kwa namna ya pekee nakushukuru Mjumbe, ingawa ile ya bati ilinichoma. Jumatano jioni mimi na mke wangu tulikwenda kwake. Nilimwuliza habari za umeme, na ni kweli hakuwa ameuhesabu. Nguzo ya karibu ina njia moja tu. Nilimwuliza habari za fremu, akanijibu. Nilipouliza mashine zilizopo mtaani, aliweka kikombe chini akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, mimi sikukuuliza bati zako ni geji ngapi."

Sikuwa na jibu. Mke wangu ndiye aliyesema kwamba ni kweli hakuuliza, na kwamba tulikosa sisi kwa kutomweleza wakati ule. Kisha tukamwambia kiasi tunachoweza kukipoteza bila binti kukosa chuo, nacho ni 1,000,000, na kwamba hicho tuko tayari kukitilia sahihi wote wawili. Tulimpa pia 150,000 za kuanzia kushughulikia umeme, tukamwambia wazi kwamba si mkopo. Alizipokea, akashukuru, lakini hakutusindikiza hadi barabarani kama kawaida yake. Alhamisi kwenye mazoezi alisimama mwisho wa safu ya besi, na ile nafasi ya kando yangu akaiacha wazi.

Leo asubuhi amenitumia ujumbe kwamba anafikiria kuanza na mashine ya kusaga peke yake, ili mkopo ushuke hadi 6,000,000 na kila mdhamini abebe 1,000,000. Kwa hiyo Mjumbe naomba unijibu jambo moja: fomu ikiandikwa upya, yule mdhamini wa kwanza aliyekwisha kutia sahihi kwa 2,000,000 anapunguziwa na kamati moja kwa moja, au ni lazima aitwe atie sahihi tena? Yuko safarini Ifakara, na kamati inakaa Jumamosi.