Tupeane uzoefu: kumtia mbwa dawa ya matone masikioni

Mleta mada
Ndugu wanachama, salaam. Mbwa wangu, jike la miaka minne mwenye masikio marefu yaliyolala, alianza kutikisa kichwa usiku na kujikuna sikio la kushoto hadi manyoya ya hapo yakanyonyoka. Nilipolifunua nilikuta nta ya kahawia yenye harufu ya kitu kilichochacha. Nyumbani palikuwa na chupa ya matone iliyobaki mwaka jana, na nakiri kwamba nilikwisha kuifungua kabla ya kusita na kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alichungulia ndani kwa kifaa chenye taa, akapima uchafu kidogo kwa hadubini, akasema ni fangasi na kwamba ngoma ya sikio ni nzima. Naomba waliopitia haya watueleze, hasa namna ya kuitia dawa yenyewe, maana huyu akiiona chupa tu anaingia chini ya meza.

Mchangiaji wa kwanza
Heri yako uliyesita. Mimi nilitumia matone ya zamani yenye gentamisini (dawa ya kuua bakteria) bila kujua kwamba ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka. Siku ya tatu mbwa aliinamisha kichwa upande mmoja na kuanza kupepesuka kama mlevi. Nilielezwa kwamba dawa za jamii hiyo zikipenya hadi sikio la ndani zinaweza kuharibu usikivu na uwezo wa mwili kujiweka sawa. Kupepesuka kuliisha baada ya wiki kadhaa, lakini hadi leo nikimwita hugeukia upande nisiokuwepo, kwa sababu anasikia kwa sikio moja tu.

Mchangiaji wa pili
Kuhusu namna ya kutia, kumbuka kwamba mfereji wa sikio la mbwa hushuka kwanza kisha hupinda kuelekea ndani kama herufi L, kwa hiyo matone yanayoachwa mlangoni hayafiki panapouma. Mimi huanza na maji ya kusafishia aliyoyaidhinisha daktari, nikapangusa kwa pamba niliyoizungusha kidoleni yale tu yanayofikika (vijiti vya pamba nilivitupa, kwani vinasukuma uchafu ndani zaidi), kisha nasubiri sikio likauke, la sivyo dawa huzimuliwa. Chupa naishika kiganjani dakika chache ili dawa isiwe ya baridi, kwa kuwa ubaridi ndio uliokuwa ukimkimbiza mbwa wangu. Nalivuta sikio juu taratibu, natia kiasi kilichoandikwa bila ncha ya chupa kugusa ngozi, kisha nakanda shina la sikio, chini ya tundu lake, mpaka nisikie mlio wa majimaji. Ukisikia mlio huo, ujue dawa imeteremka. Hapo mwachie ajitikise, na usiwe umevaa nguo nzuri.

Mchangiaji wa tatu
Siki na spiriti msijaribu. Kwenye ngozi iliyovimba vinachoma, na mbwa wangu mpole alinitia meno.

Mchangiaji wa nne
Kosa langu lilikuwa kuacha dawa siku ya nne, harufu ilipokwisha, ilhali niliandikiwa siku 14. Ugonjwa ulirudi mara tatu, na mara ya tatu ulikuja na usaha wa bakteria ambao dawa ya awali haikuuweza. Hatimaye ilibainika kwamba chanzo ni mzio, kwa sababu alikuwa pia akilamba nyayo zake mfululizo, jambo ambalo sikuwahi kulihusisha na masikio. Daktari akikupangia siku ya kurudi, rudi hata kama sikio linaonekana safi, kwani kule ndani wewe huwezi kupaona.

Mleta mada
Nashukuru sana. Jana usiku niliishika chupa kiganjani kama nilivyoelekezwa, nikakanda, na mlio nikausikia. Alijitikisa mara mbili, akanichafua shati, kisha akalala kwa ubavu wa kushoto, jambo ambalo hajalifanya kwa wiki mbili. Dozi naendelea nayo hadi siku ya kurudi kwa daktari.