Naombeni ushauri: timu ya mwanangu imeingia fainali tena, na mwaka jana alilia siku mbili

Mwanatanga wa Edmonton, 30 Mei 2025

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wa nane niko Edmonton, Kanada. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mume wangu yuko kambi za mafuta upande wa Fort McMurray, wiki mbili kazini, wiki moja nyumbani, kwa hiyo jioni nyingi tuko mimi na watoto tu.

Mkubwa ana miaka 12, na moyo wake wote uko kwa Oilers, timu ya hoki ya barafu ya mji huu. Zamani nilikuwa nakaa naye mbele ya televisheni ili asikae peke yake. Siku hizi nakaa kwa sababu siwezi kuinuka.

Jana wamewatoa Dallas Stars kwenye mechi ya tano, 6-3. Sasa ni fainali, tena na Florida Panthers, walewale wa mwaka jana, na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Mwaka jana Oilers walifungwa mechi tatu za kwanza za fainali. Wakageuka, wakashinda tatu mfululizo, mji mzima ukawa haulali. Ikaja ya saba, tarehe 24 Juni, wakafungwa 2-1. Mwanangu alilia mpaka homa ikampanda, na siku mbili hakula chakula cha maana. Baba yake alikuwa kambini, roho ikamuuma, akamwambia kwenye simu: "Wakifika fainali tena, nakupeleka uwanjani." Haya, wamefika.

Nimeangalia bei. Viti viwili vya juu kabisa vinakula karibu nauli ya mtu mzima mmoja kwenda Dar. Na pesa iliyopo ni ya safari ya Desemba, kumpeleka mdogo wake akamwone bibi Tanga. Bibi hajawahi kumbeba huyu mtoto hata mara moja.

Mwenyewe hajaomba. Alichofanya leo asubuhi ni kutundika jezi yake ya Darnell Nurse, beki wa Oilers, namba 25, kwenye mlango wa chumba chake, kisha akanitazama, akaenda shule.

Nifanyeje? Ahadi ni ya baba yake, lakini anayemtazama mtoto usoni ni mimi. Na wakifungwa tena, nimshikeje?

Mnyama wa Temeke

Pole dada. Mimi hoki ya barafu siijui hata kidogo, lakini mtoto anayelilia timu namjua vizuri. Jumapili hii tu tumetoka kuumia. Simba tulifungwa 2-0 kule Berkane, tukasema tutamaliza kazi Zanzibar, ikaisha 1-1, kombe la Shirikisho likaondoka tukiliangalia. Binti yangu wa miaka tisa alijifunika kanga ya mama yake hakutaka kusemeshwa na mtu.

Nilikosea jambo moja. Nilimwambia "nyamaza, ni mpira tu." Akaniangalia kama nimemtukana. Baadaye nilimfuata nikamweleza kwamba hata mimi nimeumia, ndipo akaja kukaa karibu yangu. Usimwambie mwanao ni mchezo tu.

Halafu nieleweshe, hizo mechi saba ni za nini? Kwa nini wasicheze nyumbani na ugenini yakaisha?

Mwanatanga wa Edmonton

Asante kaka, hilo la "ni mchezo tu" nililisema mwaka jana, na jibu lilikuwa lilelile.

Timu 16 zinaingia mtoano. Kila raundi ni timu mbili kukutana mpaka mmoja ashinde mara nne, kwa hiyo zinaweza kufika mechi saba. Raundi ni nne. Kombe la Stanley, ndilo kombe lenyewe la ubingwa, linahitaji ushindi mara 16, karibu miezi miwili, karibu kila baada ya siku moja. Ndiyo maana linamla mtu. Unaishi nalo, unapika nalo. Na sare hakuna: muda wa nyongeza ni vipindi vya dakika 20, na goli la kwanza linamaliza mechi papo hapo. Likikosekana, wanaanza kipindi kingine.

Nesi wa Dodoma

Hapo kwenye muda wa nyongeza ndipo ninapotaka kuongea. Mechi zinaanza saa ngapi kwenu? Mtoto wa miaka 12 anahitaji usingizi wa saa tisa hivi. Kulia mpaka homa, kukataa kula, mimi naona kulikuwa pia na uchovu wa miezi miwili ya kulala vibaya. Mpange kabla ya mechi, siyo katikati ya mechi. Katikati hakuna mtoto anayesikia.

Mwanatanga wa Edmonton

Saa kumi na mbili jioni, nesi. Bila nyongeza inaisha kabla ya saa tatu. Kwa kweli uchovu sikuufikiria. Mwaka jana aliangalia hata mechi za timu nyingine.

Baba Wawili

Ahadi ni deni. Nunueni. Safari ya Tanga itakuwepo mwaka kesho, lakini miaka 12 haitarudi. Mimi marehemu baba aliniahidi kunipeleka Uwanja wa Taifa, hakunipeleka, na mpaka leo nakumbuka.

Shangazi Makorora

Baba Wawili, na bibi je? Bibi naye atakuwepo mwaka kesho, una uhakika? Mimi ni wa Makorora hapohapo Tanga, nawaona hawa bibi wanavyohesabu miezi. Deni linalipwa, lakini mdaiwa anaruhusiwa kwenda kuongea na mdai. Na mdai hapa ni mtoto wa miaka 12, ana akili timamu. Baba yake aliyetoa ahadi ndiye aongee naye, siyo wewe. Usimbebee mume wako mzigo huo.

Jirani wa Rogers Place

Dada, mimi niko Edmonton hapahapa, natoka Bukavu, watoto wangu wana ugonjwa huohuo. Nikuambie kitu ambacho wengi wetu wageni hatukijui. Timu ikiwa ugenini, Rogers Place, uwanja wa Oilers, wanafungua milango, watu wanaingia kwa dola chache kuangalia kwenye zile skrini kubwa juu ya barafu. Uwanja unajaa, wanaimba kana kwamba wachezaji wako chini pale. Kaa karibu na intaneti siku tiketi zinapotoka maana zinaisha upesi. Na nje kuna ule uwanja wa wazi wanaouita Moss Pit, ni bure.

Hilo jina mwelezee mtoto. Ni la Joey Moss, mtu aliyezaliwa na ulemavu wa Down syndrome, aliyehudumia chumba cha wachezaji wa Oilers kuanzia miaka ya 1980 mpaka alipofariki 2020. Wayne Gretzky, nyota wa timu wakati huo, ndiye aliyemleta. Timu yenye makombe matano, na mahali pa mashabiki wake pamepewa jina la mtu aliyekuwa akiokota mataulo. Hilo mimi linanigusa kila nikipita.

Kama uko Mill Woods, treni ya Valley Line inakushusha 102 Street, unatembea kidogo tu.

Barafu Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Mimi huamka saa tisa usiku kuangalia hizi mechi, kisha naoga naenda kazini. Watu hudhani hoki si yetu, na ndiyo maana nimefurahi kuona uzi huu. Hapa tunacheza kwenye barafu ya Panari, barabara ya Mombasa, uwanja mdogo sana kuliko wa kawaida, na Kenya iliingia shirikisho la dunia la mchezo huu mwaka 2024.

Mama, mwambie kijana habari za Grant Fuhr. Golikipa Mweusi, mzaliwa wa Spruce Grove, hapo nje ya Edmonton. Ndiye Mweusi wa kwanza kushinda Kombe la Stanley, akiwa na hao Oilers wenu wa miaka ya 1980. Mtoto anayevaa jezi ya Nurse, naye Mweusi, anapaswa kumjua.

Mkongwe wa Winnipeg

Nimechelewa kuuona uzi. Nataka kujibu swali lako la mwisho, la kumshika wakifungwa, kwa sababu sisi wa Winnipeg tumetoka huko wiki mbili tu.

Jets tulimaliza ligi tukiwa wa kwanza kwa pointi kati ya timu zote 32. Tukakutana na Dallas. Usiku wa kuamkia mechi ya sita, mchezaji wetu Mark Scheifele alifiwa na baba yake. Akacheza. Akafunga. Halafu sekunde za mwisho alimwangusha mpinzani aliyekuwa anakwenda kufunga, akatolewa kwa adhabu, na muda wa nyongeza ulipoanza Dallas wakafunga yeye akiwa amekaa kwenye kiboksi cha adhabu. Msimu ukaishia hapo.

Unajua mila ya kupeana mikono, raundi ikiisha timu zote zinajipanga mstari. Watu wa Dallas walikuwa wanamkumbatia mmoja mmoja. Wajukuu zangu walikuwa wanalia, nikawaambia msizime televisheni, tazameni. Tulikaa mpaka wa mwisho akatoka kwenye barafu. Hakuna aliyekataa kula usiku ule. Tulikula tukimwongelea Scheifele na baba yake.

Mwaka jana mlizima televisheni mapema?

Mwanatanga wa Edmonton

Ndiyo baba. Nilizima mimi. Nilidhani namwokoa.

Mwanatanga wa Edmonton, 19 Juni 2025

Wakuu, nimerudi na mrejesho kwa sababu mlinipa muda wenu.

Mume wangu aliongea naye mwenyewe, kama shangazi alivyosema. Alimweleza pesa ni kiasi gani, bei ni kiasi gani, na bibi. Mtoto alinyamaza muda mrefu, akauliza kama Oktoba ligi ikianza anaweza kwenda mechi moja ya kawaida. Baba yake amekubali, na safari hii wameandika kwenye kalenda ya jikoni.

Tarehe 12 tulipata nafasi Rogers Place, mechi ya nne ikichezwa Florida. Dada yake mdogo tulimwacha kwa jirani. Kipindi cha kwanza tumefungwa 3-0, golikipa Skinner katolewa, nikawa namwangalia mwanangu kuliko skrini. Kipindi cha pili wakarudisha yote matatu. La pili lilikuwa la Nurse. Siwezi kuwaeleza ule uwanja. Mtu mzima nisiyemjua alimwinua mwanangu juu kwa sababu ya jezi namba 25. Florida walisawazisha 4-4 zikiwa zimebaki sekunde chini ya 20, na Draisaitl akamaliza kwenye nyongeza, 5-4. Tulipanda treni watu wanaimba mpaka Mill Woods.

Juzi wamefungwa 5-1, ubingwa ukaenda Florida kwenye mechi ya sita. Tulikuwa nyumbani. Alilia. Sikuzima. Tuliangalia mstari wote wa kupeana mikono, na mimi machozi yalinitoka. Alipoona, akaenda jikoni akaniletea maji, akakaa tena.

Tulikula wali na maharage saa nne kasoro. Jana amekwenda shule na jezi yake, nikakuta ameandika kwa penseli kwenye kalenda, chini ya Desemba: "Bibi — kumpelekea jezi."

Nesi, alilala usingizi wa masaa kumi.