Kamati ya huduma ina majina 46, wanaokuja ni 9. Tuwafute?

katibu_asiyelala

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Mimi ni katibu wa kamati ya huduma kwa jamii shuleni kwetu, kidato cha tatu. Daftari la wanachama ninalo mimi, lina majina 46. Mkutano wa wiki iliyopita walikuja 9, na mmoja kati ya hao alikuwa anasubiri mvua ikatike.

Mwanzo wa mwaka huwa tunajaa hadi dirishani. Klabu ziko nyingi: mdahalo, habari, mazingira, sayansi, chesi, skauti, na sisi. Siku ya kujiandikisha mtu anasaini tatu nne kwa pupa, wiki ya tatu humwoni tena. Anarudi mwisho wa mwaka, zinapojazwa fomu za saa za huduma. Hapo utakumbatiwa na mtu asiyejua hata jina lako: "Katibu wangu jamani, nijazie kumi tu."

Linaloniuma zaidi ni la mwaka jana. Tulikwenda kubandika lebo kwenye vitabu vya maktaba ya shule ya msingi jirani. Vitabu 412, nilivihesabu mwenyewe. Wanafunzi 21, gundi chupa mbili. Waliobandika ni watatu, waliobaki walipiga picha. Wote 21 wakaandikiwa saa nne nne, na mwandishi ni mimi.

Mwenyekiti anasema tukiwafuta watoro tutaonekana tumekufa, tutanyang'anywa chumba na siku yetu. Mimi nasema daftari lile ni uongo wenye jalada. Katiba yetu ni ukurasa mmoja, haisemi lolote kuhusu kumwondoa mtu. Nifanyeje?

mzee_wa_vikao

Katibu, kabla ya kumfuta mtu, tazama akidi. Katiba yenu inataka wahudhurie wangapi ndipo mkutano uamue jambo? Kama haisemi, mazoea ya vikao vingi, hata katika zile kanuni alizochapisha Henry Robert huko Marekani mwaka 1876, ni zaidi ya nusu ya wanachama wote. Nusu ya 46 ni 23, kwa hiyo mnahitaji 24. Ninyi 9 mmekuwa mkipitisha maazimio hewa.

Dawa yake haihitaji kumfukuza mtu. Andikeni kwenye katiba kwamba mwanachama hai ni yule aliyefanya angalau kazi moja ya kamati muhula huu. Hai ndiye anayepiga kura na kuhesabiwa kwenye akidi. Aliyelala abaki kwenye orodha ya pembeni, na siku akifanya kazi arudi bila kuomba radhi kwa yeyote.

Tatizo moja: kurekebisha katiba nako kunahitaji akidi. Kwa hiyo itisheni mkutano siku ile wanapokuja kutafuta sahihi.

katibu_asiyelala

Mzee wewe ni hatari. Nimecheka peke yangu bwenini.

mtoro_mstaafu

Naomba niwatetee hao 37, maana enzi zangu nilikuwa mmoja wao. Nilijiunga kwa moyo kabisa. Mkutano wa kwanza, kumbukumbu za mkutano uliopita zilisomwa dakika 25, neno kwa neno. Wa pili tulibishania rangi ya fulana. Wa tatu tuliendelea na rangi ya fulana. Wa nne nilibaki bwenini kuona nani atakuja kuniuliza. Hakuna aliyekuja.

Nikahamia chesi. Sikuwa mchezaji mzuri, lakini kule usipokwenda kuna mtu anakaa na ubao mbele yake bila mpinzani, na akikukuta jioni anakwambia. Kwenu asipokuja mtu, nani anakwama? Kama jibu ni hakuna, basi aliyeacha kuja amewasoma vizuri kuliko mnavyojisoma.

mwenyekiti_mstaafu

Fuateni ushauri wa mzee, lakini msifute majina. Uongozi wa shule huangalia daftari kabla ya kuangalia kazi. Ndivyo ilivyo, hata kama haipendezi.

mwl_mlezi

Nimekuwa mlezi wa klabu ya huduma miaka 11. Mtoro hapo juu amesema jambo ambalo mimi lilinichukua miaka minne kuliona, kwa hiyo sitalirudia. Nitaongeza mawili.

La kwanza ni wingi wa shughuli. Klabu za Interact, ambazo Rotary, chama cha kimataifa cha huduma kwa jamii, ilizianzisha mwaka 1962 kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, hutakiwa kufanya angalau miradi miwili kwa mwaka: mmoja wa kusaidia shule au jamii, mwingine wa kujenga uelewano na watu wa mataifa mengine. Miwili! Nilipoona hilo mara ya kwanza nilidhani ni uvivu, kwa sababu sisi tulikuwa tunapanga minane. Tulimaliza mitatu, na kati ya hiyo mmoja ulikuwa wa kupanda miti ambayo hakuna aliyerudi kuimwagilia.

La pili ni hizo saa. Katibu hapaswi kujaza saa za mtu mwisho wa mwaka kwa kumbukumbu na huruma. Zijazwe siku ileile, palepale, na anayetia sahihi awe yule aliyehudumiwa. Ile tuzo ya vijana iliyoanza Uingereza mwaka 1956 chini ya Duke of Edinburgh, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, inataka, hata kwa ngazi ya shaba iliyo ya chini kabisa, huduma ya kama saa moja kwa wiki kwa muda usiopungua miezi mitatu. Huwezi kuifanya yote Jumamosi moja kisha ukapiga picha.

Sasa rudi kwenye vitabu vyako 412. Kazi ile ilihitaji wa kuandika lebo wawili, wa kubandika watatu, wa kupanga rafuni wawili. Saba. Wale 14 mngewaambia wasije, au mngewapa kazi nyingine yenye jina lao. Na kabla ya hayo yote: mwalimu wa maktaba alisema anataka lebo?

katibu_asiyelala

Shikamoo mwalimu. Hapana. Hatukumuuliza.

mwl_mlezi

Marahaba, mwanangu. Nenda kamuulize.

katibu_asiyelala

Narudi baada ya siku 12. Nilikwenda. Mwalimu wa maktaba alinikaribisha vizuri, akanipeleka rafuni. Lebo zetu hazipo. Alizibandua karibu zote, kwa sababu tulizibandika juu ya namba za rafu, na watoto wakawa hawajui kitabu kirudi wapi. Ilimchukua likizo nzima. Hakuwahi kutuambia kwa sababu, alisema, tulikuja na furaha nyingi.

Anachohitaji ni mtu wa kujalidi. Vitabu kama 60 vimeachia migongo. Nikarudi, nikabandika karatasi ubaoni: "Anatafutwa anayejua kushona kitabu. Nafasi sita. Hakuna mkutano." Kufika jioni majina yalikuwa manne, mawili ni ya wale 37. Mmoja wao tangu mwaka uanze sijawahi kumwona zaidi ya sahihi yake, na ndiye anayetufundisha kutoboa karatasi bila kuichana. Mpaka sasa vimekwisha vitabu 17. Saa zinajazwa na mwalimu wa maktaba kwa kalamu nyekundu, na si mtu wa kupunja wala kuzidisha: juzi aliniandikia dakika 50.

Mwenyekiti bado amenuna kuhusu daftari. Siku ya fomu ni wiki tatu zijazo. Rasimu ya katiba nimeshaiandika. Nitasimama mlangoni nikihesabu, na wakifika 24 naufunga.