Vioo vya giza na taa kwenye bodi ya RC: PS-31, karatasi ya tinti au kalamu?

Msukani_Moro
Wakuu, habari za jioni. Nina bodi mbili (magamba ya nje) za magari ya RC, yale madogo ya kuongozwa kwa rimoti, mezani. Ya kwanza ni Impreza ya Tamiya, ya plastiki angavu ya Lexan, inakaa kwenye chasisi ya TT-02. Ya pili ni Land Cruiser 70 ya Killerbody, ile ya plastiki ngumu ya ABS. Zote nataka vioo viwe na giza kidogo, maana kwa sasa ukichungulia ndani unaona betri na nyaya tu. Taa za nyuma nataka nyekundu ya kweli inayopitisha mwanga, si stika.

Njia ninazozifikiria: kopo la Tamiya PS-31 (rangi ya kupuliza ya moshi, yaani giza linalopitisha mwanga), karatasi ya tinti ya magari ya kawaida (fundi jirani ananipa vipande vilivyobaki bure), au kalamu ya wino usiofutika. Mmetumia ipi, na kwa nini?

Fundi_Likoni
Mkuu, anza na plastiki kabla ya njia. Bodi zako mbili hazina jibu moja.

Lexan ni polikaboneti. Unaipaka kwa ndani, nje inabaki na mng'ao wake, na rangi haikwaruziki gari likibiringika. Rangi za PS zimetengenezwa kwa ajili yake, zinakunjika pamoja na bodi. Ukiweka rangi ya plastiki ngumu humo, siku ya kwanza ya kugonga ukuta itabanduka vipande vipande. Kwa Cruiser fuata mkondo wa rangi za TS, za plastiki ngumu: moshi wake ni TS-71. Vioo vya bodi ngumu ni vipande vya pekee, kwa hiyo unavipuliza ukiwa umevitoa, kwa upande wa ndani vilevile. Jaribu kwanza kwenye ukingo utakaofichika.

Kalamu iache. Hata kwenye kioo kidogo utaiona mistari, na jua likishaipiga inageuka zambarau.

Nyuki_Naks
Hapo kwa kalamu niko na wewe. Lakini boss, hiyo Impreza ni ya rally ama ya barabara? Kama ni ya rally, mimi singeweka giza kioo cha mbele hata kidogo. Ukiangalia magari ya Safari Rally pale Naivasha, dereva na msomaji wake (anayemsomea njia) unawaona wazi. Weka kiti na vichwa viwili vya plastiki ndani, nyaya zitafichika zenyewe. Giza liende milango ya nyuma na kioo cha nyuma tu.

Msukani_Moro
Ni ya rally, ile ya bluu. Wazo la vichwa sikulifikiria. Haya, ila hivyo vioo vya nyuma bado vinahitaji giza.

Bi_Torque
Basi PS-31, na mpangilio ndio kila kitu. Osha bodi ndani kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, ikauke, usiiguse tena kwa vidole. Funika vioo vyote kwa tepu na ukandamize kingo kwa ukucha. Pulizia bluu. Nyuma ya bluu weka nyeupe au fedha ili ing'ae, ukipenda na nyeusi ya mwisho. Hapo ndipo unafunua vioo vya nyuma peke yake, cha mbele unakiacha na tepu yake, na unapuliza moshi. Moshi ukidondokea juu ya nyeusi hakuna atakayeuona kutoka nje. Lakini ukitangulia moshi halafu uweke tepu juu yake, tepu inaweza kuondoka nao.

Mikono (matabaka) ya rangi iwe myepesi sana. Kopo liweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu (si ya moto!), linatoa ukungu laini zaidi. Anza kupuliza nje ya bodi, pita, malizia nje. Ukisimama sehemu moja tu, tone linajikusanya, na moshi hausamehe: penye tone patakuwa na doa jeusi.

Na hili watu wengi hawaambiwi. Kioo unachokiona mkononi, mwanga ukipita pande zote mbili, kitaonekana cheusi zaidi ukishaiweka bodi kwenye chasisi, kwa sababu nyuma yake hakuna mwanga tena. Acha ukiwa unahisi bado kidogo.

Fundi_Likoni
Naongezea kwa watu wa pwani: usipulize jioni wala mvua inaponyemelea. Unyevu ukiingia kwenye rangi inayokauka, kioo kinapata utando wa maziwa. Saa sita mchana kivulini ndiyo saa yenyewe.

Mswahili_Muscat
Salaam aleikum. Mbona karatasi ya tinti mmeitupa haraka hivyo? Ina faida moja ambayo kopo halina: ukiichoka unaibandua. Mimi naitumia kwenye vioo vya pembeni vya Defender ya TRX-4 (gari langu la RC), ni bapa kama meza, inakaa vizuri kabisa. Inabandikwa kwa ndani, maji ya sabuni kidogo, unasukuma kwa kadi ya benki ya zamani.

Ninachokubali ni kwamba kioo cha Impreza kimepinda. Karatasi kwenye kioo kilichopinda inataka joto, na Lexan ukiichoma kwa bunduki ya joto inajikunja kabla karatasi haijatii. Hapa kwetu nimeona pia vipovu vinajitokeza chini ya karatasi bodi ikiachwa juani. Kwa kioo bapa cha Cruiser, ukiwa na vipande vya bure, ningejaribu karatasi kwanza.

Msukani_Moro
Nimeelewa. Shida ya pili ni kupata kopo lenyewe. Shemeji anakuja kutoka Dubai mwezi ujao, nilitaka kumwagiza.

Bi_Torque
Usimtie shemeji matatani. Makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye ndege ya abiria, si begi la mkononi wala la chini. Yaje kwa meli. Au kama una kompresa, muagize rangi za maji za eabrashi (bunduki ndogo ya kupulizia rangi) zisizowaka moto, zenye maelezo kwamba zinashika polikaboneti.

Nyuki_Naks
Tuongee taa sasa, huko ndiko watu huchemsha. Kwa Lexan kuna PS-37 nyekundu ya kupitisha mwanga, na PS-43 ya machungwa kwa indiketa. Kwa Cruiser, chupa ndogo za X-27 (nyekundu) na X-26 (machungwa) kwa brashi, zinatosha sana.

Swali ni moja: utaweka LED ama hapana? Kama hapana, piga fedha nyuma ya nyekundu, PS-12. Inarudisha mwanga na taa inaonekana na kina. Kama utaweka LED, fedha usiweke, itazuia mwanga.

Na LED iwe nyekundu. Watu huweka nyeupe nyuma ya rangi nyekundu wakidhani rangi itafanya kazi. LED nyeupe ina bluu nyingi na nyekundu kidogo, rangi inakula karibu yote, unabaki na kitu hafifu cha waridi.

Fundi_Likoni
Na rizista (kipunguza umeme wa LED) usisahau. Ukichukua umeme kwenye nafasi iliyo wazi ya risiva (kipokezi cha rimoti ndani ya gari), tuseme ni volti 6: LED nyekundu inakula kama 2, zinabaki 4. Kwa miliampea 20 ni omu 200, dukani chukua 220. Nyeupe ya mbele inakula kama 3, kwa hiyo 150. Kila LED na rizista yake.

Mswahili_Muscat
Vipi kuhusu moshi juu ya taa za nyuma? Nimeona vijana wanafanya, gari linatisha.

Bi_Torque
Likiwa limezimwa, ndiyo. Mchana na LED zinawaka huoni kitu. Uzuri wake trafiki hakusimamishi. Ukitaka sana, mkono mmoja wa moshi baada ya nyekundu, basi.

Msukani_Moro
Sawa. Impreza: PS-31 vioo vya nyuma, PS-37 kwenye taa, LED nyekundu. Cruiser: karatasi pembeni. Swali la mwisho: mwanga wa LED hautatokeza kwenye bodi ya bluu pembeni ya taa?

Nyuki_Naks
Utatokeza, usiku bodi yote nyuma itawaka kama kibanda cha M-Pesa. Hiyo nyeusi ya mwisho aliyotaja Bi_Torque usiifanye ya kupenda, iweke mpaka kwenye mdomo wa taa. Kisha tengeneza kikombe cha foili ya jikoni nyuma ya kila LED, ukishike kwa tepu nyeusi ya umeme. Angalia foili isiguse miguu ya LED.