Fundo la kamba ya hema linateleza usiku

Swali, kutoka Moshi
Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni mpagazi katika njia ya Machame ya kupanda Mlima Kilimanjaro, na tukifika kambini kazi yangu ni kusimamisha mahema. Baadhi ya kamba zilikatika, nikanunua nyingine sokoni, zile za manila za buluu, na sasa lile fundo tunalolisukuma ili kukaza kamba linarudi lenyewe kila upepo unapovuma. Juzi pale kambi ya Barranco niliamka turubai limenilalia usoni, limejaa umande. Tatizo ni kamba au ni ufungaji wangu?

Jibu, kutoka Marangu
Pole sana, kaka. Manila hiyo ni ya plastiki, haina nyuzi za kukwaruzana kama katani, kwa hiyo mizunguko miwili haiishiki. Ukishapitisha ncha kwenye kigingi, izungushe mara tatu ndani ya kitanzi ukielekea kigingini, kisha umalizie na mmoja nje ya kitanzi. Bana mizunguko kwa vidole mpaka ilaliane bega kwa bega kabla hujaikaza kamba, kwa sababu fundo lililofungwa ovyo huteleza hata likiwa na mizunguko mingi. Acha ncha yenye urefu wa kiganja.

Jibu, kutoka Arusha
Nakubaliana na aliyetangulia, lakini usililaumu fundo kabla ya kulipima. Nailoni ikilowa hurefuka, na hapo hema hulegea ilhali fundo halijasogea hata kidogo. Funga uzi mwekundu kwenye kamba, ugusane na fundo, kisha uutazame alfajiri. Fundo likizidi kukushinda, tumia lile la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931: kitanzi cha kamba nyembamba kuliko kamba kuu, kikizungushwa juu yake mara tatu.

Muuliza swali
Ahsanteni sana, wakuu. Nimeweka uzi kwenye kamba nne. Zile mbili za manila fundo lilikuwa limeuacha uzi kwa upana wa vidole vitatu, na baada ya kuongeza mzunguko halijasogea tena. Mbili za zamani, ambazo ni za nailoni, uzi ulikuwa palepale ingawa kamba zilining'inia, kwa hiyo hizo sasa nazikaza upya umande ukishashuka, kabla sijalala.