Mfumo wa ada za chuo: tuandike wenyewe, tuchukue Odoo au tuzalishe kutoka kwenye modeli?

Mtunza_Leja: Wakuu salaam. Chuo chetu ni cha serikali na mfumo wa ada umechoka. Mezani kuna njia tatu: kuandika upya kwa Django (zana ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti), kuchukua Odoo (mfumo wa biashara na uhasibu uliokwisha tengenezwa), au kuchora modeli za UML (michoro sanifu ya mfumo) kisha msimbo uzalishwe kutoka humo. Ipi itahimili kanuni za ada zinazobadilika kila mwaka?

fundi_mifumo: Mkuu, kama hesabu zenu ziko MUSE (mfumo wa malipo na hesabu za serikali) na makusanyo yanapita GePG (lango la serikali la malipo ya kielektroniki), leja kuu msiiguse. Shida iko kwenye ankara za wanafunzi. Chukua ada ya 1,300,000. Bodi ya Mikopo inabeba asilimia 60, yaani 780,000, na mwanafunzi kashalipa 520,000 zake. Anakata rufaa, Bodi inampandisha hadi asilimia 80. Sasa ana ziada ya 260,000. Ihamie mwaka unaofuata, na muamala wa awali usifutwe, maana mkaguzi atauuliza. Odoo imezoea ankara moja mteja mmoja. Yenu ina walipaji wawili, kwa hiyo hapo mtaandika moduli yenu tu.

Dada_Kanzidata: Ndiyo maana mimi niko upande wa modeli. OMG, shirika la viwango vya programu, walileta MDA (ujenzi wa mifumo unaoongozwa na modeli) mwaka 2001 kwa wazo hilohilo: kanuni za kazi zikae mbali na teknolojia. Kanuni ya “mafungu ya wafadhili yalingane na jumla ya ankara” unaiandika mara moja kwa OCL (lugha ya kuandikia masharti kwenye modeli), kisha kanzidata na fomu zinazalishwa zikiifuata. Mhasibu anausoma mchoro na kuubishia. Msimbo wa Django hawezi.

msanidi_Moro: Nakubali, ila kuna hatari. Watu wakishaanza kurekebisha msimbo uliozalishwa, siku ya kuzalisha upya kazi yao yote inafutika. Klasi (kipande cha msimbo) iliyozalishwa isiguswe. Nyongeza ziwekwe kwenye klasi ya mkono inayoirithi. Acceleo, zana ya kuzalisha msimbo kutoka kwenye modeli, nayo ina maeneo yaliyolindwa yasifutike. Halafu waandishi wa Django wapo wengi, wanaojua EMF (zana za modeli za Eclipse) ni wa kutafuta. Mnao wangapi?

Mtunza_Leja: Mmoja, na ana mkataba wa muda.

msanidi_Moro: Basi msizalishe mfumo mzima, ndugu yangu. Wekeni kwenye modeli ada, wafadhili na mafungu tu, vitu vinavyobadilika kila bajeti ya Julai. Viungo vya GePG na ripoti viandikwe kwa mkono. Na violezo vya kuzalishia vihifadhiwe Git (hifadhi ya matoleo ya msimbo) pamoja na modeli, kabla mkataba wake haujaisha.

Dada_Kanzidata: Hapo naungana naye. Mfano wa rufaa uwe jaribio la kwanza.